Mavuno ya kwinsi nchini Uturuki

Mavuno ya kwinsi nchini Uturuki ni kiasi cha matunda ya mkwinsi (jina la kisayansi: Cydonia oblonga) kinachovunwa kila mwaka katika nchi hiyo, pamoja na tija yake, yaani uzito wa matunda unaopatikana kwa kila mti au kwa kila hekta. Uturuki inaongoza duniani kwa zao hili. Mnamo mwaka 2020 ilivuna takriban tani 189,000, ilhali mavuno ya dunia nzima yalikuwa karibu tani 700,000. Kwa hiyo zaidi ya robo ya makwinsi yote ya dunia yalitoka katika nchi hiyo moja. Nchi nyingine zenye mavuno makubwa ni China, Uzbekistan, Iran, Moroko na Azerbaijan.

Mavuno ya Uturuki yameongezeka sana tangu mwanzo wa karne ya 21. Ongezeko hilo limetokana na mashamba mapya yaliyopangwa vizuri, aina bora za miti, umwagiliaji na soko la nje. Hata hivyo mkwinsi ni miongoni mwa miti inayodhuriwa kwa urahisi na ugonjwa wa baa la moto, na mti uliokufa huchukua miaka mingi kabla ya mwingine kujaza nafasi yake.

Jina na mmea

Waturuki huliita tunda hili ayva, na Waarabu huliita safarjal. Wareno huliita marmelo, na kutokana na jina hilo lilipatikana neno marmalade, ambalo leo Waingereza hulitumia kwa jamu ya machungwa. Katika Afrika ya Mashariki mkwinsi haujulikani sana, kwa kuwa ni mti wa nchi zenye majira ya baridi.

Mkwinsi ni mti mdogo wa familia ya mwaridi, ndugu wa mtofaa na mpea. Ndiyo spishi pekee katika jenasi ya Cydonia. Asili yake ni eneo la Kaukazi, kaskazini mwa Iran na nchi jirani, ikiwemo mashariki ya Anatolia. Kwa hiyo Waturuki hawakuuleta mti huu kutoka mbali. Unaota katika eneo lake la asili au karibu nalo.

Tunda lake likiiva huwa la njano na hunukia sana. Ngozi yake hufunikwa na manyoya laini ya rangi ya kijivu ambayo hufutika kwa kidole. Nyama yake ni ngumu na yenye ukakasi, hivyo watu wengi hawalili bichi bali hulipika. Likipikwa polepole na sukari hubadilika rangi na kuwa la waridi au jekundu.

Tabia tatu za mti huu zina uhusiano wa moja kwa moja na mavuno yake. Kwanza, maua yake hutoka baada ya majani, kwenye ncha za machipukizi ya mwaka uleule. Kwa sababu hiyo huchanua baada ya mlozi, mwaprikoti na mpea, na mara nyingi huepuka baridi kali ya mwanzo wa masika. Pili, ua la mkwinsi linaweza kuchavushwa na chavua ya mti huohuo, hivyo hata mti mmoja uliosimama peke yake uani huzaa. Tatu, mizizi yake haiendi chini sana. Mti hustahimili udongo wenye unyevu, lakini ukikosa maji wakati wa kiangazi matunda huwa madogo na mengine huanguka kabla ya wakati.

Jinsi mavuno yanavyopimwa

Takwimu za kilimo nchini Uturuki hutolewa na Taasisi ya Takwimu ya Uturuki, inayojulikana kwa kifupi TÜİK. Kwa miti ya matunda taasisi hii hutoa idadi ya miti inayozaa, idadi ya miti ambayo bado haijaanza kuzaa, eneo la mashamba, jumla ya mavuno kwa tani, na wastani wa kilo kwa kila mti unaozaa. Eneo huandikwa kwa dekar, kipimo cha mita za mraba 1,000. Dekar kumi ni sawa na hekta moja.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina takwimu za nchi mbalimbali kuanzia mwaka 1961. Hilo hutoa tija kwa hekta. Kwa miaka mingi FAO liliandika tija kwa hektogramu, yaani sehemu ya kumi ya kilo. Msomaji asiyelijua jambo hilo anaweza kudhani mavuno ni mara kumi ya yalivyo.

Vipimo hivi viwili, kwa mti na kwa hekta, havisemi jambo moja. Tuchukue mfano wa hesabu. Shamba la hekta moja limepandwa mikwinsi kwa nafasi ya mita 5 kwa 4. Kila mti una mita za mraba 20, hivyo hekta ina miti 500. Kila mti ukizaa kilo 40, mavuno ni kilo 20,000, yaani tani 20 kwa hekta. Sasa mkulima akate miti 100 iliyozeeka na kupanda miche. Miti 400 iliyobaki itazaa kilo 16,000. Tija kwa mti unaozaa bado ni kilo 40, lakini tija kwa hekta imeshuka hadi tani 16. Anayetazama hekta peke yake ataona shamba limedhoofika, kumbe linafanywa upya.

Kuna tatizo jingine. Mikwinsi mingi ya Uturuki tangu zamani haikupandwa katika mashamba yake yenyewe. Ilisimama mipakani, kandokando ya mifereji, au ikichanganyika na miti mingine nyuma ya nyumba. Matunda ya miti hiyo huhesabiwa katika jumla ya mavuno, lakini ardhi yake haihesabiwi kikamilifu kama shamba la mkwinsi. Ukigawanya jumla ya mavuno kwa eneo la mashamba rasmi, tija kwa hekta huonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa sababu hii, kwa zao hili wastani wa kilo kwa mti una maana zaidi kuliko wastani wa tani kwa hekta, hasa katika kulinganisha miaka ya zamani na ya sasa.

Ikumbukwe pia kwamba matunda hayapimwi yote kwenye mizani. Takwimu za kila mwaka hutegemea makadirio ya maofisa wa kilimo wa wilaya, wanaoijua idadi ya miti na hali ya msimu. Ni makadirio yenye msingi, lakini tofauti ndogo kati ya mwaka mmoja na unaofuata isichukuliwe kuwa badiliko la kweli bila sababu nyingine ya kuithibitisha.

Mwenendo wa mavuno

Katika miaka ya 1960 na 1970 mavuno ya Uturuki yalikuwa makumi machache ya maelfu ya tani. Tunda lilikuwa la matumizi ya nyumbani na masoko ya karibu. Baadaye ongezeko lilikuwa kama ifuatavyo:

Mwaka 2000: takriban tani 105,000
Mwaka 2010: takriban tani 121,000
Mwaka 2020: takriban tani 189,000

Kati ya mwaka 2000 na 2010 mavuno yaliongezeka kwa asilimia 15 hivi. Katika miaka kumi iliyofuata yaliongezeka kwa asilimia 56 hivi. Kwa miaka 20 yote ongezeko lilikuwa asilimia 80.

Idadi ya watu nayo iliongezeka katika kipindi hicho. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu wapatao milioni 67.8, na mwisho wa mwaka 2020 walikuwa milioni 83.6. Mavuno yakigawanywa kwa idadi ya watu, kila mtu alikuwa na kilo 1.5 hivi mwaka 2000 na kilo 2.3 hivi mwaka 2020, kabla ya kuondoa matunda yaliyouzwa nje. Hii inaonyesha kwamba zao lilikua haraka kuliko watu, na ziada yake ilihitaji kutafutiwa soko.

Maeneo

Mkoa unaoongoza ni Sakarya, kaskazini-magharibi mwa nchi, ambao peke yake hutoa takriban nusu ya mavuno yote. Humo wilaya za Geyve na Pamukova ndizo maarufu zaidi. Ziko katika bonde la mto Sakarya, ambako ardhi ni ya matope yaliyoletwa na mto, maji ya kumwagilia yapo karibu, na vilima vya pande zote hukinga upepo. Kwinsi la Geyve limesajiliwa kisheria kwa jina la mahali linakotoka, ili lisitumiwe na wauzaji wa matunda ya kwingine.

Mkwinsi hupandwa pia katika mikoa ya Bursa, Bilecik, Kocaeli, Denizli na Antalya. Miti michache michache hupatikana karibu kila sehemu ya nchi, isipokuwa kwenye nyanda za juu zenye baridi kali kupita kiasi.

Kule nusu ya zao kuwa katika mkoa mmoja kuna faida na hatari zake. Wakulima hujifunza wao kwa wao, maghala ya baridi hujengwa karibu na mashamba, na wanunuzi wanajua pa kwenda. Lakini mvua ya mawe au ugonjwa ukiingia katika bonde moja, hesabu ya nchi nzima hubadilika.

Aina

Aina inayopandwa zaidi kwa biashara ni Eşme. Imepewa jina la kijiji cha Eşme katika mkoa wa Kocaeli, karibu na ziwa Sapanca. Tunda lake ni kubwa na hupendwa sokoni, ingawa likikaa ghalani muda mrefu nyama ya ndani huweza kugeuka rangi ya kahawia.

Aina nyingine za zamani ni Ekmek, maana yake mkate, ambayo ukakasi wake ni mdogo na huweza kuliwa bichi. Na Limon, maana yake limau, iliyoitwa hivyo kwa rangi yake. Katika eneo la Aegean watafiti walichagua miti bora miongoni mwa mikwinsi ya wenyeji na kupata aina kama Ege 22 na Ege 25.

Mkwinsi hustawi kwa vipandikizi, kwani tawi lililokatwa hutoa mizizi kwa urahisi. Tabia hiyo imeufanya utumike pia kama shina la kubebeshea mpea, kwa sababu mpea uliobebeshwa juu ya mkwinsi hubaki mfupi na huzaa mapema. Mashina yanayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Quince A, lililochaguliwa katika kituo cha East Malling huko Uingereza, na BA 29 kutoka Ufaransa. Hivyo mchango wa mkwinsi katika kilimo ni mkubwa kuliko uzito wa matunda yake unavyoonyesha.

Sababu za kuongezeka kwa mavuno

Sababu ya kwanza ni badiliko la namna ya kupanda. Mti wa mpakani haupogolewi kwa utaratibu wala haunyunyiziwi dawa kwa wakati. Mashamba mapya yana mistari, nafasi sawa, na njia ya kupitisha trekta, hivyo kila mti hupata huduma ileile.

Sababu ya pili ni maji. Miezi ya Julai na Agosti, wakati matunda yanapokua, ndiyo miezi yenye mvua kidogo katika sehemu kubwa ya Uturuki. Umwagiliaji wa matone umewasaidia wakulima kupeleka maji penye mizizi bila kupoteza mengi.

Sababu ya tatu ni kupogoa na kupunguza matunda. Kwa kuwa mkwinsi huzaa kwenye ncha za machipukizi, mti uliojaa matawi hubeba mzigo wote mwishoni mwa matawi, nayo huinama na kuvunjika. Ukipogolewa vizuri, mwanga hufika ndani na matunda huwa makubwa.

Sababu ya nne ni uhifadhi. Makwinsi huvunwa kwa mkono mwezi wa Oktoba na Novemba. Katika ghala la baridi karibu na nyuzijoto sifuri za Selsiasi huweza kukaa miezi kadhaa. Mkulima aliyekuwa na hofu ya kuuza yote kwa mwezi mmoja sasa anaweza kungoja bei ya majira ya baridi.

Magonjwa na wadudu

Adui mkubwa ni baa la moto, ugonjwa unaosababishwa na bakteria Erwinia amylovora. Ulianza kuonekana Marekani ya Kaskazini katika karne ya 18, ukafika Uingereza mwaka 1957, na ulitambuliwa nchini Uturuki mwaka 1985. Maua na machipukizi hunyauka, huwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto, na ncha ya tawi hupinda. Bakteria hushuka kutoka kwenye ua hadi tawini, na kutoka tawini hadi shinani. Mti mchanga unaweza kufa katika msimu mmoja.

Hapa ndipo tabia ya kuchelewa kuchanua inapokuwa na pande mbili. Mkwinsi huepuka baridi ya mapema, lakini hufungua maua yake wakati hewa imeshakuwa ya joto, hali ambayo bakteria huipenda. Mvua ikinyesha siku hizo, nyuki na matone ya maji huusambaza ugonjwa toka ua hadi ua. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioshikwa. Mkulima hukata matawi yaliyoathirika angalau sentimita 30 chini ya sehemu iliyokauka, huyachoma, na husafisha mkasi wake kwa dawa kila baada ya kukata. Dawa za shaba hutumika kwa kuzuia. Mbolea nyingi ya nitrojeni huongeza hatari, kwa sababu huleta machipukizi laini ambayo ugonjwa huyaingia upesi. Hivyo mkulima anayetafuta mavuno makubwa kwa mbolea peke yake anaweza kupoteza mti wenyewe.

Hasara ya ugonjwa huu haionekani yote katika takwimu za mwaka mmoja. Mkwinsi huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, na hufikia uwezo wake kamili miaka kadhaa baadaye. Mti unaokatwa leo huacha pengo la muda mrefu katika mapato ya familia.

Ugonjwa mwingine husababishwa na kuvu Monilinia linhartiana. Katika masika yenye mvua nyingi hushambulia majani machanga, kisha maua na matunda madogo, ambayo hukauka yakiwa bado mtini. Miongoni mwa wadudu, waharibifu zaidi ni viwavi wa nondo wanaotoboa tunda, na nzi wa matunda Ceratitis capitata, ambaye ana asili ya Afrika na anafahamika pia kwa wakulima wa matunda wa Kenya na Tanzania.

Udongo wenye chokaa nyingi ni tatizo la aina nyingine. Humo mkwinsi hushindwa kupata madini ya chuma, majani yake huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na mavuno hupungua bila mdudu wala ugonjwa.

Soko

Sehemu kubwa ya makwinsi huliwa ndani ya nchi, na mengine huuzwa nje, hasa katika nchi za Ulaya na Urusi. Mpaka mwaka 2011, katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, mapea na makwinsi yaliandikwa chini ya namba moja. Kuanzia mwaka 2012 yalitenganishwa, na kwinsi likapata namba yake. Kwa hiyo takwimu za biashara ya kwinsi zinaaminika zaidi kwa miaka iliyofuata.

Mavuno makubwa si lazima yawe mapato makubwa. Kwinsi si tunda la kila siku. Mnunuzi hulichukua kwa ajili ya kupika, na hatanunua mara mbili zaidi kwa sababu limeshuka bei. Msimu unapokuwa mzuri kwa wote, bei shambani huanguka, na malipo ya wachumaji huweza kukaribia thamani ya tunda lenyewe. Kwa sababu hiyo viwanda vya jamu, sharubati na maji ya matunda ni muhimu kwa wakulima: huchukua matunda madogo au yenye madoa ambayo soko la matunda mabichi huyakataa.

Matumizi

Chakula maarufu zaidi ni ayva tatlısı: nusu za kwinsi zilizopikwa kwa sukari na karafuu hadi ziwe nyekundu, na kuliwa pamoja na kaymak, yaani malai mazito ya maziwa. Kwinsi hutengenezwa jamu, na hupikwa pia pamoja na nyama. Majani yake hukaushwa na kunywewa kama chai. Mbegu zikilowekwa katika maji hutoa utelezi, ambao katika tiba za kienyeji hutumika kutuliza kikohozi.

Imani kuhusu mavuno

Waturuki wana usemi kwamba makwinsi yakiwa mengi, majira ya baridi yatakuwa makali. Kila mwaka miti inapoinama kwa uzito wa matunda, usemi huu hurudiwa. Kwa upande wa sayansi, wingi wa matunda hutokana na hali ya hewa iliyokwisha kupita: baridi ya kutosha mwaka uliotangulia, masika yasiyo na sakitu wakati wa maua, na maji ya kiangazi. Mti hauna njia ya kujua baridi ijayo.

Katika lugha ya mitaani, Mturuki akisema mtu fulani "amekula kwinsi" ana maana kwamba amepatikana na balaa. Aliyewahi kulitafuna likiwa bichi, kwa ukakasi wake unaokwama kooni, hahitaji maelezo zaidi.

Tazama pia

Mtofaa
Mpea
Kilimo nchini Uturuki
Mkoa wa Sakarya
Shirika la Chakula na Kilimo